Mke wangu anadhani nina mchepuko, kumbe natembea kwa miguu

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, mke na watoto wawili, tunakaa Tabata ndani kabisa. Kazi yangu ni ya stoo, Kariakoo. Kwenda gari mbili, kurudi gari mbili. Tangu nauli ipande mshahara haufiki mwisho wa mwezi, kwa hiyo jioni natembea Kariakoo hadi Buguruni, ndipo napanda. Nafika nyumbani saa tatu usiku nimelowa jasho. Raba imetoboka soli, ndani nimeweka kipande cha boksi. Nikiulizwa nasema foleni. Sasa mke wangu anaamini nina mwanamke, na ameshamwambia dada yake. Naona aibu kusema ukweli, maana ni mimi niliyemkataza kuuza maandazi, nikasema nitaitosheleza nyumba. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Kwanza acha kujilaumu kwa hesabu ambayo hukuipanga wewe. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa 400. Mei 2022, mafuta yalipopanda, LATRA, wale wanaopanga nauli za mabasi, wakaifikisha 500, na Desemba 2023 ikawa 600. Wewe wa gari nne ulikuwa unatoa 1,600 kwa siku, ikawa 2,400. Kwa siku 26 za kazi, umetoka 41,600 ukafika 62,400. Kuna aliyekuongezea 20,800 kwenye mshahara? Na hapo sijagusa zile jioni ambazo konda anakatisha ruti, anawashusha njiani, mnalipa upya. Hilo usilinyamazie. Ruti imeandikwa ubavuni mwa gari na umelipia hadi mwisho, dai pesa yako. Abiria wawili watatu wakipaza sauti pamoja, konda hurudisha.

Wapo watakaokuambia uhamie karibu na mjini. Pita Ilala uulizie chumba na sebule, na ukumbuke kodi inatakiwa ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Hiyo 20,800 haitakufikisha hata mlangoni. Kutembea kwako kunaokoa 600 kila jioni, 15,600 kwa mwezi, na sioni aibu yoyote hapo. Ila giza likiingia simu ikae mfukoni, usiitoe toe barabarani.

Kinachoibomoa nyumba yako ni neno "foleni". Mkeo anaishi Tabata, foleni anaijua. Jirani wa njia hiyo hiyo anaingia saa moja na nusu, wewe saa tatu, shati limegandana mgongoni. Ungekuwa yeye ungewaza nini?

Marehemu mume wangu alinifanyia hivi hivi. Kuna mwaka mambo yalikuwa magumu, kila usiku akawa anasema ameshakula kazini. Kumbe alikuwa analala na njaa ili nauli yangu ipatikane. Nilikuja kuambiwa na rafiki yake, muda umeshapita. Mpaka leo nakumbuka wali niliokuwa nawapa kuku asubuhi kwa sababu baba watoto ameshiba. Nilimlilia, nikamkasirikia pia, maana alininyima nafasi ya kumgawia sahani yangu. Usimfanyie mama watoto wako hivyo.

Leo ukitoka kazini usitembee. Panda gari zote mbili, ufike watoto wakiwa bado macho. Wakishalala, vua raba, toa kile kipande cha boksi umwekee mkononi, umwambie umekuwa ukitokea wapi. Huenda akalia, huenda akafoka. Mwache amalize. Usianze na mshahara, anza na uongo wako wa foleni umwombe msamaha, hesabu zifuate.

Halafu mwambie pia kwamba kwenye maandazi ulikosea. Kuuza mlangoni hakuna nauli, na kilo mbili za ngano zinatosha kujaribia. Yeye ndiye anayekwenda dukani kila siku, anajua bei ya mafuta na sukari kukuzidi, kwa hiyo hesabu ya mtaji mwachie yeye. Bosi wako naye mwombe posho ya nauli. Akikataa hujapoteza kitu.

Kesho kutwa ukitaka kutembea tena, tembea. Ila ukifika Malapa tafuta mahali penye watu, mpigie, umwambie uko Malapa.

Shangazi yako