Barua kwa mwanangu aliyevua magwanda

Malindi, Jumatatu baada ya alasiri

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa barazani. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Kusi limeanza kuvuma, na jikoni panavuja palepale unapopajua.

Umeniuliza jambo moja. Umetoka jeshini, umeingia chuo kikuu kusoma historia, na wenzako darasani ni watoto wa miaka kumi na tisa, ishirini. Uwaambie ulikuwa askari na ulikwenda Somalia, au unyamaze ujulikane kama mwanafunzi tu? Hilo nitalifikia. Kwanza nina habari ya mzee wa Mambrui, ambayo hukuwahi kuisikia yote. Mamako ndiye aliyekuwa akiijua yote, Mungu amrehemu.

Nilivyoingia katika kazi hii ya historia unajua. Ya bibi wa Namibia mmeyasikia hadi mnanimalizia sentensi. Novemba 1989, kikosi chetu kiko chini ya Umoja wa Mataifa pamoja na Wamalaysia na Wafini, watu wamepanga foleni siku tano kupiga kura, na bibi mmoja ananiuliza kupitia kwa mkalimani: na nyinyi kwenu mlipigana na nani? Nikamtajia Mau Mau. Akauliza, huko ndiko ulikozaliwa? Nikasema hapana, mimi mtu wa pwani. Na huko pwani? Nikabaki na Vasco da Gama, 1498, na nguzo yake ya msalaba pale ufukweni. Koplo mzima, mzaliwa wa Malindi, nimesimama mbele ya mtu anayesubiri uhuru wake, cha kumwambia ni mgeni aliyepita na merikebu. Mwaka 1991 nikaomba kuondoka jeshini, na kiinua mgongo changu kikawa karo.

Basi 1996 nilikuwa nakusanya habari za tasnifu yangu: vijana wa pwani waliochukuliwa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, katika vita vya pili vya dunia. Niliambiwa Mambrui yuko mzee aliyefika Bama, yaani Burma. Nikavuka daraja la Sabaki asubuhi na mapema. Nilikuwa na redio ya kurekodia, karatasi za maswali, shati limepigwa pasi mikunjo imesimama, viatu vinang'aa. Nilikuwa najivunia viatu vile. Wahadhiri wenzangu walikuwa wakienda kwa wazee na kandambili, mimi nikiona ni kukosa heshima.

Mzee alinipokea vizuri. Aliyenitangulia alikuwa ameshamwambia kuwa mimi nilikuwa askari, na uso ukamkunjuka. Tukakaa. Nikabonyeza redio, nikauliza: Namba yako ya jeshi? Kikosi? Mwaka wa kuandikishwa? Cheo?

Mwanangu, yule mzee akanyooka. Alikuwa amepita miaka sabini, mgongo umepinda, lakini alinyooka kwenye kiti, mikono juu ya magoti, macho mbele. Namba yake ya jeshi akaitoa bila kusita. Ndiyo, afande. Hapana, afande. Mkewe akaleta kahawa na tende. Mzee hakugusa. Nilifikiri hana hamu. Dakika arobaini nikauliza kwa mpangilio, naye akajibu kwa mpangilio: meli, kambi, bonde la Kabaw, mvua ya 1944, kuvuka mto Chindwin mwezi wa Disemba. Kila alichosema kililingana na vitabu. Nikarudi Malindi nimefurahi, naimba ndani ya matatu.

Usiku nikamsikilizisha mamako. Alikuwa akichambua mchele. Aliposikiliza hadi mwisho akaniuliza, "Huyu mzee anaitwa nani?" Nikamtajia jina lililokuwa kwenye orodha yangu. Akasema, "Hilo umelitoa kwenye karatasi. Yeye hukumwuliza." Halafu akasema jambo lililonichoma zaidi: "Na kahawa hakunywa kwa sababu hukumwambia anywe."

Wiki ya sita nikarudi, kwa kandambili, nimechukua halua. Nikakuta hitima imeshasomwa. Mjane wake akaniambia, bila kunilaumu hata kidogo, kwamba siku ile nilipoondoka mzee alisema, "Leo amekuja afande." Kisha usiku akaanza kuzungumza. Alizungumza hadi adhana ya alfajiri: tope, homa, rafiki yake mmoja aliyemzika kwa mikono kwa kuwa majembe yalikuwa nyuma na nyumbu. Mengine, akasema mama yule, nilikuwa nasinzia, mwanangu, sikuyashika.

Kwa hiyo ilisimuliwa. Ilikuwa ikisubiri tu niondoke.

Jina la orodhani lilikuwa limekosewa na karani wa kizungu tangu siku ya kuandikishwa, na mzee aliliitikia miaka yote ya vita. Jina alilopewa na babake nilipewa na mjane. Liko ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiliweka kidole na kuniuliza ni babu yetu upande gani.

Ndiyo maana nawachosha wanafunzi, na nyinyi nimewachosha: jina kwanza, tarehe baadaye. Tarehe zimo kwenye majalada, hazina haraka. Jina linaondoka na mtu.

Lakini nikifika hapo najipinga mwenyewe, maana si haki kulitupia jeshi lawama yote. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, viongozi wa Wagiriama waliowapinga Waingereza, walikamatwa 1913 wakapelekwa Kisii, na mwanzoni mwa 1914 wakatoroka wakarudi Giriama kwa miguu. Watu huliandika hilo kwa mstari mmoja, kisha wanaendelea na mambo ya gavana. Mimi niliyebeba mzigo mgongoni usiku kucha nilipousoma mstari ule nilikifunga kitabu. Maji waliyapata wapi? Nani aliwapa unga? Walilala mchana au usiku? Mwanamke mtu mzima, nchi nzima kuivuka, anatafutwa. Asiyewahi kuchubuka nyayo haulizi hayo. Na ni jeshi lililonifunza kutazama chakula kinatoka wapi. Niliposimama ukingoni mwa Sabaki nikaelewa kwa nini serikali ilitaka Wagiriama wahamishwe kutoka ng'ambo ya kaskazini: shamba lile lilikuwa likiwalisha, na mwenye ghala lililojaa haendi kufanya kibarua kwa mtu. Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ikalipuliwa kwa baruti, wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vijana 1,000 wa Kariakoo, kikosi cha wapagazi, wakabebe mizigo ya vita visivyowahusu. Elfu moja, inaandikwa hivyo, kama magunia. Nitajie mmoja. Nimetafuta, na waliopatikana majina ni wachache mno.

Pale Nairobi, barabara ya Kenyatta, kuna sanamu za askari na wapagazi wa vita vile vya kwanza. Umepita hapo mara ngapi na sare yako? Maandishi yanasema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Chini yake hakuna jina hata moja.

Sasa swali lako. Natamani sana nikuambie unyamaze. Nikiwaza uso wa yule mzee, naona kheri uingie darasani na kwa wazee kama mtoto wa watu tu, mikono mitupu, uulize kama anayeomba maji. Lakini tena, bila kuambiwa kuwa mimi ni askari asingenifungulia mlango. Mjane mwenyewe aliniambia mzee alikuwa amekwisha kuwarudisha wawili wa kabla yangu. Hilohilo lililonifungulia mlango ndilo lililomfunga mdomo. Nimelizungusha kichwani miaka karibu thelathini, na kila nikidhani nimelipata, linanigeuka. Na wewe si mimi. Mimi Namibia nililinda foleni ya kura. Wewe uliyoyaona Somalia hujanieleza, na sikukuuliza, kwa kuwa niliogopa kukuuliza kama nilivyomwuliza yule. Kama kunyamaza kwangu umekuona ni kutojali, nisamehe. Nilikuwa nangoja uanze mwenyewe.

Kwa hiyo sikuamulii, ingawa ulimi unaniwasha.

Ila fanya hivi. Kanda zangu zote zimo katika kasha la mamako, chini ya kitanda. Ya mzee wa Mambrui ina uzi mwekundu. Redio yangu imekufa, ukija Idi utafute ya kuchezea kanda. Sikiliza dakika zote arobaini. Karibu na mwanzo utasikia kikombe kikiwekwa mezani, na utangoja ukisikie kikinyanyuliwa. Ukimaliza, njoo barazani uniambie wewe ungeanza kumwuliza nini. Nitapika kahawa mimi.

Babako