Uliza Mwalimu: Kwa nini walicheka niliposema "I am boring"?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Juzi tulikaa kikao kirefu mno, nikamnong'oneza mwenzangu "I am boring", akacheka hadi watu wakageuka, na mi nilitaka tu kusema nimechoshwa. Alafu hivi vivumishi vya Kiingereza kwa ujumla vinanivuruga, nimeandika "two bigs houses" ikapigwa mstari mwekundu, sasa mbona kwetu nyumba zikiwa nyingi na sifa inabadilika? Na "more better" nayo kosa lake nini? – Msomaji wa Kikao Kirefu

JIBU: Marahaba, na pole. Ulichomwambia mwenzio ni kwamba wewe ndo mtu wa kuchosha, yani ukifungua mdomo watu wanasinzia. Kivumishi cha -ing kinamwelekea anayesababisha, cha -ed kinamwelekea aliyepatwa, kwa hiyo kikao ni "boring" na wewe uliyekaa humo ni "bored". Kwa Kiswahili hata hukosei, unasema kazi ya kuchosha na mtu aliyechoka, huwezi kuzigeuza. Ila kwenye barua za kuomba kazi ndo nachoka kabisa, mtu anaandika "I am interesting in this job", kumbe anajisifia kwamba yeye ni mtu wa kuvutia, alitaka "interested".

Haya, hizo "bigs". Kwanza umechagua mfano unaokupinga mwenyewe, maana nyumba moja ni kubwa na nyumba mbili ni kubwa vilevile, hakuna kilichobadilika hapo! Ungesema mtoto mkubwa, watoto wakubwa, kitabu kikubwa, hapo sawa, ngeli inavuta kivumishi. Lakini si tuna na vile visivyojali ngeli, kama safi na hodari? Mtoto safi, watoto safi, vyombo safi, yani safi inabaki safi. Basi chukulia vivumishi vya Kiingereza vyote vina tabia ya "safi": one big house, two big houses, big ideas, hakuna -s hata siku moja. Wanaobadilika kwa wingi ni "this" na "that" tu, wanakuwa "these" na "those".

Kazi iko kwenye mpangilio. Kwetu sifa inafuata jina, kwao inatangulia, na zikiwa nyingi zina foleni yake: maoni yako kwanza, alafu ukubwa, umri, umbo, rangi, inakotoka, mwisho kitu kilichotumika kuitengenezea. Ndo maana "a nice small old black leather bag" inateleza sikioni ila "a leather black old bag" inakwaruza, na wenyewe wengi ukiwauliza sheria hawaijui, wanasikia tu kwamba imekaa vibaya. Usikariri foleni nzima lakini, nani anatumia sifa tano kwa pamoja? Shika kwamba maoni yanaanza na malighafi inakaa karibu na jina, inatosha. Kuna vichache vinavyokataa kutangulia, "asleep", "alive", "afraid", huwezi kusema "the asleep child", unasema "the child is asleep", na ukikutana na "something" au "someone" kivumishi kinarudi nyuma kama kwetu: something new, someone important.

"More better" sasa. Kivumishi kifupi kinaongezwa -er, kirefu kinawekewa "more" mbele, na unachagua kimoja: taller, more beautiful. "Good" yeye kaasi kabisa, anageuka "better" kisha "best", na "better" tayari ina "zaidi" ndani yake, ukiongeza "more" ni kama kusema bora zaidi zaidi. Enzi za Shakespeare watu waliziweka zote mbili bila aibu na yeye mwenyewe akiwemo, ila anayesahihisha karatasi yako hatakubali utetezi huo.