Maswali na majibu: Sili kala nini?

Mwezi uliopita nilidokeza, kwa mistari mitatu tu, kwamba wako wasomi wa shahada ya tatu ambao kazi yao ni kuokota mavi ya sili ufukweni. Sikutegemea maswali yangekuja kwa wingi namna hii. Nimechagua machache.

Kwa asiyemjua, sili ni mnyama wa baharini anyonyeshaye, mwili kama gunia lililoshindiliwa, miguu imegeuka mapezi. Simba bahari ni binamu yake: ana masikio ya nje na anaweza kutembea kwa mapezi yote manne, wakati sili halisi hujiburura kwa tumbo. Wote huwinda majini.

Shikamoo mwalimu. Kwa nini waokote kinyesi badala ya kuwatazama tu wakila? (Mwanaidi, Tanga)

Marahaba, Mwanaidi. Ni kwa sababu hawaonekani wakila. Simba wa Serengeti hula nyumbu mchana kweupe, watalii wakipiga picha. Sili humeza samaki mzimamzima huko chini gizani, kisha anaibuka kuvuta pumzi kama vile hakuna lililotokea. Ushahidi unaobaki ni ule anaouacha juu ya mwamba.

Kinachotafutwa humo hasa ni vijiwe. Kichwani mwa samaki mna vijiwe vyeupe vinavyomsaidia kusikia na kujua kama yuko wima au amelala ubavu. Viwili ndivyo vikubwa vya kutosha kuonekana kwa macho. Ukitaka kuviona, usitupe kichwa cha changu. Jumapili nilikunywa supu, nikabaki na fuvu, nikalipasua kwa kisu upande wa nyuma, chini ya pale ubongo ulipokuwa. Kikatoka kijiwe kama punje ya mchele iliyobonyezwa ikawa bapa, ukingo una vijino vijino, upande mmoja umechimbika mfereji. Cha pili kilidondokea sinia, mwanangu akakiokota akidhani ni jino langu.

Kila aina ya samaki ina umbo lake la kijiwe. Mwenye uzoefu akikiweka chini ya hadubini anakutajia samaki, na akikipima urefu anakadiria samaki mwenyewe alikuwa na ukubwa gani. Ukikikata, ndani mna pete za umri kama za shina la mti. Ngisi naye huacha mdomo wake, mgumu na uliopinda kama wa kasuku, ambao tumbo la sili haliuwezi.

Kazi ngumu ni kuosha. Kwa miaka mingi walipanga chekeche juu ya chekeche, la chini lenye matundu ya nusu milimita, wakamwagia maji ya bomba wakiwa wameziba pua. Baadaye mtu akafikiria mashine ya kufulia nguo. Kinyesi kinatiwa kwenye mfuko wa wavu, ule wa kuchujia rangi ya nyumba, kisha mashine inawekwa kwenye mzunguko wa nguo laini. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa mashine na machekeche, na mashine haikuaibika. Sitaki kujua nani alifua mashati yake humo baada ya hapo.

Kuokota kwenyewe kuna adabu yake. Ukiwavamia kwenye mwamba, kundi zima linakurupuka kukimbilia maji na vichanga vinakanyagwa.

Kwa hiyo kinyesi kinasema kweli tupu? (Idrisa, mwanafunzi, Morogoro)

Kinasema kweli, ila kina mapengo. Asidi ya tumbo hula vijiwe. Vya samaki wakubwa wa mwambani hutoka vimechakaa kidogo tu, vile vyembamba vya samaki wa aina ya dagaa vinaweza kuyeyuka visionekane kabisa. Ukihesabu bila kufikiri, utaandika kwamba sili hapendi dagaa, kumbe amekula ndoo nzima. Ndiyo maana wanyama waliofugwa hupewa samaki kwa idadi inayojulikana, kisha watu wanahesabu vingapi vimetoka upande wa pili, wapate kipimo cha kusahihishia hesabu za porini. Midomo ya ngisi nayo ina ukaidi wa aina yake: hukwama tumboni, halafu mnyama anaitapika yote kwa mkupuo, kinyesini husikii habari zake.

Kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Simba bahari akikamata samoni mkubwa (samaki wa baharini apandaye mito kuzaa), mara nyingi humrarua na kuacha kichwa, na vijiwe vimo kichwani. Yaani samaki mkubwa kuliko wote kwenye mlo ndiye asiyeacha kijiwe hata kimoja. Hapo mtafiti anatafuta vipande vya uti wa mgongo na vijimeno, au anageukia DNA.

DNA inasoma hata samaki aliyesagika akawa uji, na papo hapo inamsoma mwenye kinyesi, kama ni dume au jike. Katika Bahari ya Salish, mpakani mwa Kanada na Marekani, ndivyo ilivyoonekana kwamba sili madume walikula samoni zaidi kuliko majike. Kwa kuangalia vijiwe peke yake usingelijua hilo. Lakini DNA nayo ina kasoro: haikuambii samaki alikuwa na ukubwa gani, na sili akimla samaki mwenye dagaa tumboni, na yule dagaa anasomeka kama chakula cha sili.

Mwandishi, huku kwetu pomboo wanatuchania nyavu. Nasikia Namibia sili wanamaliza samaki. Si wapunguzwe tu? (Mzee Hamisi, Mafia)

Shikamoo mzee. Malalamiko hayo nayaelewa. Namibia na Afrika Kusini wana sili wenye manyoya mazito, jamaa wa simba bahari, wanaofurika mahali kama Cape Cross kwa makumi ya maelfu. Harufu inakupokea kabla hujawaona. Bahari yao ni ya baridi na ina samaki wengi, wavuvi wa meli kubwa wako humo humo, na Namibia kweli huruhusu kuvuna sili kila mwaka.

Sasa tazama walichokuta kinyesini. Namibia sehemu kubwa ilikuwa samaki mdogo mwenye ndevu wa jamii ya gobi, ambaye hana soko. Walikuwepo pia samaki wadogo wa kilindini wanaotoa mwanga, na wale wenye soko: vibua na heki, samaki mweupe anayenunuliwa sana Ulaya.

Mvutano mkubwa uko kwenye heki. Heki wa maji hayo ni wa aina mbili, wa maji mafupi na wa kilindini, na wa maji mafupi akikua huwala watoto wa yule wa kilindini. Sili kwa sehemu kubwa hula wa maji mafupi. Miaka ya 1990 wataalamu wa Afrika Kusini walipiga hesabu wakaona kwamba ukipunguza sili, heki wa maji mafupi wanaongezeka, nao wanawamaliza wenzao wachanga. Mvuvi anaweza asipate chochote cha ziada, au hata apungukiwe.

Sisemi wavuvi wanazua. Sili anayenyofoa samaki kwenye wavu wako amekuibia, hilo halihitaji hadubini. Na kuna mahali hasara inahesabika wazi. Katika mto Columbia huko Marekani, bwawa la Bonneville liko zaidi ya kilomita 230 kutoka baharini, na simba bahari hupanda hadi hapo kuwasubiri samoni wanaobanana wakitafuta njia ya kupita. Tangu 2002 wako watu wanaokaa juu ya bwawa na darubini, wanahesabu. Wanaweza, kwa sababu samoni ni mkubwa mno kumezwa chini ya maji. Lazima aletwe juu araruliwe. Sheria ya Marekani ya 1972 inakataza kuwadhuru wanyama hawa, lakini mwaka 2008 serikali ilitoa kibali cha kuua baadhi yao hapo. Kwangu mimi kesi ya bwawa na kesi ya bahari nzima ni mbili tofauti, na mtu akizichanganya namshuku ana lake.

Kama samaki wapo, mbona simba bahari wa Alaska walikwisha? (Bi. Rehema, Mombasa)

Swali zuri, dada. Simba bahari wakubwa wa Steller, upande wa magharibi wa Alaska, walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu miaka ya 1970. Vinyesi vilionyesha wanakula sana poloki, samaki asiye na mafuta mengi. Baadhi ya watafiti wakauliza: je, wanashiba bila kunenepa? Huko Vancouver, Kanada, waliwapa simba bahari wachanga poloki tu, wale watakavyo, nao wakapungua uzito. Walipopewa heringi, samaki mwenye mafuta, mwili ukarudi.

Mama yeyote aliyelea mtoto kwa uji mweupe bila karanga anaelewa jambo hili. Hata hivyo watafiti wengine waliipinga hoja hiyo kama maelezo ya kupungua kote kule, wakasema simba bahari mkubwa huweza kula poloki wengi zaidi akafidia, na wengine wakawashuku nyangumi wauaji kwamba ndio waliowala. Mabishano hayo yamekwenda miaka mingi.

Je, yule sili asiyekula kabisa akiwa nchi kavu, mlo wake unajulikanaje? Na kamera wanazofungwa sili zinashikaje mwilini? (Baraka, Mwanza)

Umemgusa sili tembo. Akipanda ufukweni kuzaa au kubadili manyoya, anafunga. Huko Año Nuevo, California, ungekaa na ndoo yako mpaka jioni usipate kinyesi cha maana.

Kwa hiyo wanampa vifaa aende navyo. Gundi kali inapakwa juu ya manyoya, kifaa kinakaa hapo; akibadili manyoya, kinatoka bila jeraha. Habari hii ilianza kwa vitu vya kawaida mno. Miaka ya 1960 mtafiti Gerald Kooyman, akiwa Antaktika, alitengeneza kipima kina kutokana na saa ya jikoni ya dakika 60, na sili wake walionekana wakizama karibu mita 600. Siku hizi kuna kamera, na kuna kidude kinachobandikwa tayani kinachohesabu kila mara taya linapochanua ghafla. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba sili tembo jike hukamata windo mara 1,000 hadi 2,000 kwa siku, samaki wadogowadogo wa kilindini, na halali vya kueleweka. Mnyama wa mamia ya kilo anaishi kwa kudonoa.

Sharubu nazo zinasema nini? (Idrisa tena)

Idrisa, wewe utaniweka macho usiku. Sharubu ya simba bahari hukua polepole kwa miaka kadhaa bila kung'oka, kwa hiyo ukiikata vipande kutoka ncha hadi shina una kumbukumbu iliyopangwa kwa tarehe. Nitrojeni iko ya aina nyepesi na nzito, na ile nzito huongezeka kwa kila ngazi ya mlaji na mliwa: samaki mla samaki ana nyingi kuliko mla mimea. Kaboni inadokeza kama aliwinda karibu na pwani au bahari kuu. Jina la samaki hutalipata humo. Shahamu nayo hutumika, maana mafuta ya samaki huingia mwilini mwa sili bila kubadilika sana.

Kuna sili anaitwa mla kaa. Hula kaa kweli? (Zuhura, Unguja)

Hali. Yuko Antaktika na zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake ni krili, vidude vya jamii ya kamba ambavyo ukiviona utasema uduvi. Meno yake yana vichomozo vilivyofungana kama chujio: anafumba, maji yanatoka, uduvi unabaki.

Ziwa Baikal la Urusi lina sili. Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, mbona hatuna? (Neema, Kigoma)

Wazee wa sili wa Baikal walitoka bahari ya Aktiki, iliyojaa sili. Tanganyika hutoa maji yake kwa mto Lukuga hadi mto Kongo, mto wenye maporomoko makali, nao unamwagikia bahari ya joto isiyo na sili. Hakukuwa na wa kuja, na angekuja angekwama.

Ila wangefanana na wavuvi wenu. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba sili wa Baikal, ziwa lenye kina cha mita 1,642, hula samaki mmoja laini mwenye mafuta tele aitwaye golomyanka. Mwaka 2020 watafiti waliowafunga kamera walieleza jambo jingine: usiku, vijidudu vya jamii ya kamba vinapopanda juu, sili huvidaka kimoja kimoja, kwa wastani 57 kila azamapo. Meno yao ya nyuma yamechongoka kama kitana, maji yapite. Ni kama kuvua dagaa kwa karabai usiku, halafu kila dagaa umkamate kwa mkono.

Naweza kumwona mmoja pwani yetu? (Salum, Mtwara)

Kwa bahati ya nadra sana. Hatuna sili wakaazi. Lakini kuna sili manyoya wa visiwa baridi vya kusini ambaye hupotea njia; wanasayansi wamewahi kuandika juu ya mmoja aliyefika Tanzania, na mwingine Komoro. Ukimkuta amelala mchangani, usimsukume majini wala kumwagia ndoo za maji. Huja nchi kavu kupumzika, na meno yake ni ya mbwa mkubwa. Kaa mbali, zuia watoto na mbwa, waite maofisa wa uvuvi. Akiondoka akaacha kinyesi, kitie kwenye mfuko, andika tarehe na mahali, ukigandishe. Friji iwe yako.