Ndege ya kivita hujifichaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwetu Rungwe droni ya wapima ardhi ikipita juu ya migomba, hata watoto huisikia. Iweje ndege kubwa ya kivita isemekane haionekani? Msomaji, Mbeya.

JIBU: Ndugu msomaji, haionekani kwenye rada, si kwa macho. Rada hurusha mawimbi na kungoja yatakayorudi baada ya kugonga kitu. Mulika tochi usiku kwenye kioo kilichoinamishwa, nawe utaona mwanga ukienda ukutani badala ya kukurudia; ndivyo mabapa ya ndege ya kivita ya F-117 ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, yalivyoyatawanya mawimbi, huku rangi yake maalumu ikiyafyonza mengine. Mwangwi hupungua tu, haufutiki: tarehe 27 Machi 1999 F-117 moja ilitunguliwa huko Serbia kwa kombora la mtambo wa Kisovieti wa miaka ya 1960, jambo lililowafedhehesha wengi.

Droni nyingi za kivita hutegemea zaidi udogo, wingi na unafuu wa bei. Nyingine hupaa na kutua zenyewe, ila MQ-9, droni kubwa ya Marekani, kwa mfano, bado ina rubani, aliyeketi chumbani hata maelfu ya kilomita mbali, akiiongoza kwa setilaiti.