Bastola kiunoni Kariakoo: ionekane au ifichwe?

Kaka, umeuliza: una duka Kariakoo, bastola yako ina leseni, jioni unabeba mauzo, uivae nje ya shati wakuone au uifiche? Mimi nasema ifiche.

Wanaoivaa wazi wana hoja yao. Huko Marekani, mfano Texas, ambako tangu 2021 watu wengi wa miaka 21 na zaidi wanaruhusiwa kubeba bastola bila kibali, utawasikia wakisema mhalifu akiiona anaghairi, na kuichomoa hakuchelewi. Wengine wanataka tu ionekane kwamba ni haki yao.

Sasa njoo Mtaa wa Kongo saa kumi na moja jioni. Wamachinga, mikokoteni, wabeba mizigo, watu wanakupiga vikumbo kila upande. Mkono wa mtu usiyemjua uko karibu na kiuno chako kuliko wako mwenyewe. Na jambazi anaweza kuitaka hiyo bastola kuliko hata hela. Ukiionyesha, umemwambia aanze na wewe. Iliyofichwa haimwambii kitu, wala haiwatishi wateja.

Ila tafadhali sana, usiichomeke tu kwenye suruali. Nunua ala ngumu inayofunika triga. Kabla ya hapo nenda polisi wakueleze masharti ya leseni yako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Na wateja wazoeshe lipa namba, jioni utoke na hela kidogo.