Nimenunua gemu Steam, linadai duka jingine: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma hapa Mbeya, nakaa Iyunga. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na SSD ya GB 512. Nimeweka lancha tano: Steam, Epic, GOG Galaxy, Ubisoft Connect na EA app. Kila moja ina pasiwedi yake, apdeti zake na kelele zake. Gemu moja nimelinunua Steam, nikalishusha usiku kucha, kulifungua likaniambia nijisajili kwenye duka jingine kwanza. Likizo naenda nyumbani Makete, mtandao wa kule ni wa kubahatisha, na safari iliyopita hakuna gemu hata moja lililofunguka. Kwa nini haya makampuni yasikubaliane gemu likae sehemu moja? Na nifanyeje nisimalize bando kwa kushusha kitu kilekile mara mbili?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hilo gemu la Steam, maana ndilo linalowaudhi wengi. Si hitilafu. Kwenye ukurasa wa kuuzia gemu, upande wa kulia, Steam huweka kisanduku cha tahadhari. Kikiandikwa "Requires 3rd-party account", ujue Steam ni muuzaji na msafirishaji tu. Mlinzi wa mlangoni ni mtu mwingine. Magemu mengi ya EA na Ubisoft yako hivyo, na GTA V inapitia lancha ya Rockstar hata ukiinunua Steam. Kikiandikwa "Incorporates 3rd-party DRM" na jina Denuvo, kuna kufuli la ziada linalohakiki leseni yako kwenye seva. Soma kisanduku hicho kabla ya kutoa pesa. Gemu lenye mlinzi wa pili lina akaunti mbili, apdeti mbili, na namna mbili za kuliandaa lifunguke bila mtandao. Nadhani hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuangusha Makete.

Kwa sisi wa Tanzania angalia jambo moja zaidi: baadhi ya magemu ya Sony kwenye kompyuta hudai akaunti ya PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony wenyewe, na huduma hiyo haiko rasmi nchini kwetu. Mei 2024 Sony walitaka kila mchezaji wa Helldivers 2 upande wa kompyuta awe na akaunti hiyo. Gemu likaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma, wachezaji wakalijaza malalamiko, na ndani ya siku chache sharti lile likafutwa. Baadaye Sony walilegeza masharti kwa magemu kadhaa, lakini usikisie, angalia kisanduku.

Sasa, kwa nini hawakubaliani? Pesa. Steam ilianza mwaka 2003, njia ya Valve, kampuni inayoimiliki, ya kusambaza apdeti za magemu yake yenyewe, kisha ikageuka duka la wote. Fungu lake la kawaida ni asilimia 30: katika kila dola 10 unazolipa, dola 3 zinabaki kwa Valve. Kampuni kubwa zikaona ni afadhali kuuza kwa mlango wao, ndipo zikaja Origin ya EA, ambayo EA app iliirithi mwaka 2022, na Uplay, ambayo sasa ndiyo Ubisoft Connect. Desemba 2018 Epic wakafungua duka lao wakikata asilimia 12 tu, na juu yake wakalipa watengenezaji wauze kwao peke yao kwa muda. Metro Exodus ilikuwa imeshaanza kuuzwa Steam kwa oda za awali. Ikahamishiwa Epic wiki chache kabla ya kutoka, Februari 2019, ikarudi Steam mwaka mmoja baadaye. Alan Wake 2 ya mwaka 2023 haikwenda Steam kabisa, kwa kuwa Epic ndio waliogharamia kuichapisha.

Ugomvi huu una faida kwako, maana Epic hutoa gemu la bure kila wiki, Alhamisi. Hasara yake unaijua. Wenyewe wameshakubali nusunusu: EA walirudi Steam mwishoni mwa 2019, Ubisoft mwishoni mwa 2022. Lakini wamerudi na walinzi wao mkononi.

Tuje kwenye bando. Bando linauzwa kwa gigabaiti, kasi inatajwa kwa megabiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo gemu la GB 100 kwenye mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde linakula saa 22 hivi, umeme usipokatika. Faili hizohizo kutoka diski ya nje ya USB 3 inayokimbia megabaiti 100 kwa sekunde ni dakika 17 hivi. Hata kwa USB 2 ya zamani haizidi saa moja kwa kiasi kikubwa. Basi shusha mara moja, hifadhi nakala, rudisha kila unapohitaji. Lancha haijali faili zimetoka wapi. Inajali kama zinalingana na za kwenye seva.

Diski hiyo iwe na mpangilio wa NTFS au exFAT. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na magemu ya siku hizi yana mafaili makubwa kuliko hapo. Watu wanakopi usiku mzima, asubuhi wanakuta "file too large", wanalaumu diski.

Kwa Steam, funga programu yenyewe kabisa, mpaka ikoni yake pale karibu na saa ipotee. Nenda kwenye folda ya steamapps, iliyo ndani ya folda ya Steam, ndani yake common, nakili folda ya gemu lako. Rudi nje kwenye steamapps, chukua na faili dogo linaloanza na appmanifest, lenye namba ya gemu. Ndilo linaloiambia Steam gemu liko na ni toleo gani. Kurudisha, weka vyote mahali palepale Steam ikiwa imefungwa, kisha ifungue. Hilo faili dogo likipotea usiogope: weka folda ndani ya common, bonyeza Install kama unayeanza upya, Steam itazikuta faili, itazikagua, na itashusha pungufu tu. Kosa la kawaida ni kuandika jina la folda tofauti na la mwanzo. Likibadilika hata herufi moja, Steam inaanza GB 100 upya na wewe umelala.

Epic haikuelewi kirahisi hivyo, inabidi uizunguke. Anza kupakua gemu mpaka asilimia 2 au 3, simamisha, funga lancha kabisa. Nakili folda yako ya akiba juu ya ile mpya, kubali kubadilisha mafaili yote. Fungua lancha, endelea na upakuaji. Itaandika kwamba inahakiki. Uhakiki unakula muda na diski, haukuli bando. Usiukatize ukidhani imeganda.

GOG ndiyo nyepesi kuliko zote, na kwa mtu anayeishi kwa bando naipa nafasi ya kwanza bila kusita. Gemu la mchezaji mmoja ukilinunua pale, tovuti yao inakupa kisakinishi unachohifadhi mwenyewe. Hakiulizi leseni, hakihitaji Galaxy wala mtandao. Gemu kubwa huja vipandevipande, faili moja la exe na mengine ya bin. Yote yakae folda moja. Ukikosa kipande kimoja, usakinishaji unakwama katikati.

Ukiwa bwenini na mwenzako mwenye gemu hilohilo Steam, kuna njia nzuri zaidi. Tangu Februari 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja kupeana faili. Ingieni Steam wote wawili, nendeni Settings, Downloads, ruhusuni uhamishaji wa mtandao wa ndani. Akianza kushusha, faili zinatoka kwako, seva inaulizwa mambo madogo tu. Hotspoti ya simu inafaa, ingawa baadhi ya simu huzuia kompyuta zisionane. Ruta na nyaya mbili ni uhakika zaidi.

Apdeti nazo ni mwizi wa kimyakimya. Ndani ya Steam weka ratiba ya apdeti, tuseme saa 8 hadi 11 usiku kama una bando la usiku, na kwa gemu kubwa bonyeza kulia jina lake, Properties, Updates, uchague lisubiri hadi ulifungue. Acha nafasi kwenye SSD. Apdeti ya GB 2 inaweza kuhitaji makumi ya GB kwa muda, maana Steam hufumua faili kubwa na kuliandika upya. Ndiyo sababu kwenye diski iliyojaa utaona mtandao umetulia lakini kazi haiishi: kinachohangaika ni diski.

Sasa Makete. Maandalizi yanafanyika Mbeya, kabla hujapanda basi. Ukifika mtandao ukiwa umekata umechelewa. Siku mbili kabla, kila gemu unalokwenda nalo lishushe apdeti zote zimalizike. Lifungue, ingia mpaka ndani ya mchezo, cheza dakika kadhaa, hifadhi. Ufunguzi wa kwanza ndio unaosakinisha programu saidizi kama DirectX na ndio unaothibitisha leseni. Gemu ambalo halijawahi kufunguliwa likiwa mtandaoni ndilo linalogoma kijijini. Kisha, kwenye menyu ya Steam, chagua Go Offline ungali na mtandao. Gemu lenye mlinzi wa pili, nenda na kwa mlinzi: Ubisoft Connect na EA app zote zina hali ya nje ya mtandao. Epic unaweka alama kwenye mpangilio wa "Offline Mode Browsing". Halafu zima data, zima na kuwasha laptopu, jaribu yote. Lililokataa liache Mbeya. Magemu ya Denuvo yajaribu mwisho, na baada ya jaribio usibadilishe chochote kwenye mashine wala kusakinisha Windows upya, maana kufuli linaweza kudai uhakiki wa pili. Magemu ya wachezaji wengi kupitia seva hayana dawa.

Kuhusu lancha tano kwenye RAM ya GB 8: nyingi ya programu hizi ni kivinjari kilichovalishwa nguo za duka, na kila moja inashika mamia ya megabaiti hata ukiwa hujaigusa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Startup, zizime zote zisijiwashe zenyewe. Huzifuti; zitaamka gemu likiziita.

Ukitaka kuona magemu yote kwenye orodha moja, Playnite ni ya bure na nyepesi. GOG Galaxy nayo inaunganisha akaunti za maduka mengine. Elewa tu kwamba zote mbili ni kabati la maonyesho: ukibonyeza gemu la Ubisoft, Ubisoft Connect itafunguka vilevile. Inayopunguza lancha kweli ni Heroic, kwa sababu inashusha na kufungua magemu ya Epic na GOG yenyewe. Kwa mashine yako ningebaki na Steam na Heroic, na hao walinzi wawili ningewaweka tu kama nina gemu linalowataka.

Pesa ya hilo gemu inaweza kurudi. Steam hurudisha ukiomba ndani ya siku 14 ukiwa umecheza chini ya saa 2. Angalia saa zilizoandikwa: lancha ya pili ikibaki wazi, mara nyingi Steam inahesabu unacheza, hata kama ulikuwa unapambana na pasiwedi. GOG wanatoa siku 30. Na kabla hujaunganisha akaunti ya Ubisoft au EA, hakikisha ni yako, kwa barua pepe yako. Gemu likishafungwa kwenye akaunti ya rafiki, au ile ya kushea uliyouziwa kwa bei ya karanga, kulitoa ni shida, na mwenye akaunti akibadilisha pasiwedi wewe umebaki na faili tu.

Kama pamoja na yote haya gemu litagoma kule Makete, angalia tarehe ya kompyuta kwanza. Kwenye kompyuta za mezani umeme ukikatika na betri ndogo ya CR2032 imekufa, saa inarudi miaka nyuma na kila lancha inakataa kuingia. Laptopu iliyokaa bila chaji muda mrefu inaweza kufanya hivyohivyo. Tarehe ikiwa sawa, washa hotspoti ya simu, ingia kwenye akaunti, thibitisha, rudi nje ya mtandao. Kazi hiyo haihitaji bando kubwa, ila sitisha upakuaji wote mara tu lancha inapofunguka, la sivyo hizo MB zitamalizwa na apdeti ya gemu ambalo hata hukulitaka.