Ualimu hautakunyima kuchora

Mdogo wangu, umeuliza kama ukikubali kufundisha pale Chuo Kikuu Ardhi utaupoteza ubunifu majengo. Hutaupoteza, ila kamilisha kwanza usajili wa AQRB, bodi inayosajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi nchini. Bila huo huwezi kufanya kazi kwa jina lako, hata ukiwa na shahada ya uzamili. Kisha tafuta ofisi itakayokupa saiti siku usizo na vipindi, na wanafunzi uwapeleke huko. Wapeleke na Soko la Kariakoo, kazi ya mbunifu majengo Beda Amuli: wasimame chini ya ile miavuli ya zege, waone maji ya mvua yanavyoteremshwa kwenye nguzo. Ubaoni hilo halieleweki kabisa! Wiki za kusahihisha kazi za studio zitakubana mno. Usimwahidi mteja michoro kipindi hicho.